Kukaa Kabla ya Kukaza: Urejeshaji wa Injini katika Gari Ambalo Giaboksi Yake Haikushushwa, Mfano wa Kilosa na Mikumi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna injini ya gari inavyorejeshwa mahali pake ilhali giaboksi imebaki chini ya gari. Kazi hiyo hufanywa zaidi katika gereji zisizo na shimo wala lifti, zikiwamo zile za Kilosa na Mikumi mkoani Morogoro. Hoja ya makala ni kwamba ugumu wa kazi hii hautokani hasa na uzito wa injini. Unatokana na mstari mmoja usioonekana unaopita katikati ya krenki, klachi na shafti ya giaboksi. Bolti za kuunganishia haziwekwi ili ziivute injini ifike, bali ziishike ikishafika. Makala yanaonesha pia kuwa tofauti hiyo imehifadhiwa katika vitenzi viwili vya kawaida vya Kiswahili, kukaa na kukaza, ilhali uundaji wa istilahi za ufundi kwa muda mrefu umeelekea zaidi kwenye majina ya vitu.

1.0 Utangulizi

Mji wa Mikumi uko kando ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam na Morogoro kuelekea Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia. Kabla ya kuufikia, msafiri atokaye Morogoro hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa mwendo wa takriban kilomita 50. Kilosa, makao makuu ya wilaya, iko upande wa kaskazini, katika bonde la mto Mkondoa na kwenye Reli ya Kati, ile iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Katika njia ya kuiunganisha miji hiyo miwili ipo kata iitwayo Ulaya, jina ambalo humfanya mgeni aulize mara mbili anapoambiwa kwamba gari limeharibikia Ulaya na fundi amekwenda huko kwa pikipiki.

Jiografia hiyo ina maana katika mada hii. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 Mkondoa ulifurika, nyumba za Kilosa zikabomoka na reli ikakatika. Hata bila mafuriko ya kiasi hicho, masika hugeuza njia za vijijini kuwa tope, na magari yanayodumu humo ni yale yenye chesisi imara na uwezo wa kuzungusha magurudumu yote manne: Land Cruiser za dizeli na Land Rover, nyingi zikiwa za miaka mingi. Gari moja la namna hiyo hubeba mahindi wiki hii, mgonjwa wiki ijayo, na watalii wa hifadhini msimu ukifika. Likisimama, kipato cha nyumba nzima husimama nalo. Kwa sababu hiyo mwenye gari hanunui gari jingine. Huitengeneza injini upya.

Hapo ndipo kazi inayojadiliwa hapa inapoanza. Injini iliyoishiwa nguvu hutolewa, hufunguliwa, na vyuma vyake vinavyohitaji kuchongwa kwa mashine, yaani krenki na silinda, mara nyingi hupelekwa mjini Morogoro au Dar es Salaam. Vikirudi, injini hufungwa upya juu ya meza. Mafundi wengi huiona hatua hiyo ya mezani kuwa ndiyo yenye heshima. Kuirudisha injini garini huchukuliwa kuwa ni kazi ya nguvu, ya kuachiwa vijana. Mtazamo huo una gharama, kwa sababu injini iliyotengenezwa kwa uangalifu wa wiki tatu inaweza kuharibiwa klachi yake, au giaboksi ya gari, katika dakika tano za mwisho.

2.0 Sababu za kuiacha giaboksi

Vitabu vya watengenezaji na walimu wa vyuo huonesha njia zaidi ya moja. Injini na giaboksi zinaweza kutolewa pamoja kama mwili mmoja, zikaunganishwa chini mahali penye nafasi, kisha zikarudishwa pamoja. Njia hiyo hurahisisha kulenga, kwa kuwa fundi huona pande zote. Kwa magari madogo yanayoendeshwa kwa magurudumu ya mbele, ambayo injini yake imelala kwa upana wa gari, mara nyingi hiyo ndiyo njia ya busara.

Katika gari la magurudumu manne hali ni tofauti. Nyuma ya giaboksi imefungwa transfa, na kutoka kwenye transfa hutoka propela shafti mbili, moja ya ekseli ya mbele na nyingine ya nyuma. Levya za gia hupenya sakafuni. Katika Land Rover hata breki ya mkono imefungwa nyuma ya transfa. Kuvitoa vyote hivyo kunahitaji fundi alale chini ya gari na kushusha mzigo mzito juu ya kifua chake. Penye lifti hilo si tatizo. Penye sakafu ya udongo, ambapo jeki huzama kadiri inavyobeba, ni hatari ya wazi, na haina sababu kama giaboksi yenyewe haina ugonjwa. Fundi huamua kutoa injini peke yake kwa juu, kupitia mbele, baada ya kuondoa boneti, rejeta na feni. Huinyanyua kwa cheni bloku iliyofungwa kwenye boriti au kwenye miti mitatu iliyosimamishwa na kufungwa pamoja juu.

Uamuzi huo ni sahihi, lakini una sharti lake. Tangu injini itoke, giaboksi ndiyo isiyohama, na kila kinachoning'inia kwenye cheni lazima kiifuate.

3.0 Mstari wa katikati

Ili mwenendo wa kazi ueleweke, ni lazima kwanza kueleza kinachokutana na kingine pale injini inapogusana na giaboksi. Nyuma ya injini, kwenye ncha ya krenki, limefungwa gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili. Juu ya flaiwili hukaa klachi pleti, sahani nyembamba yenye kitovu chenye meno ndani, na juu yake hufungwa presha pleti inayoibana kwa springi. Katikati ya flaiwili, ndani ya ncha ya krenki, mna beringi ndogo au bushi. Upande wa pili, giaboksi ina mdomo mpana, lile kava la mbele lenye umbo la kengele, na katikati ya mdomo huo hutokeza shafti yenye meno. Injini inaporudi, shafti hiyo ipite kwanza katika beringi inayosukuma vidole vya presha pleti, iingie kwenye tundu la presha pleti, ioane na meno ya kitovu cha klachi pleti, na ncha yake nyembamba itue ndani ya beringi ndogo ya krenki.

Vitu vinne hivyo havina budi kuwa katika mstari mmoja. Mstari huo haumo katika chuma chochote. Ni wa kufikirika, na ndiyo maana hauwezi kukazwa kwa spana. Pini mbili za kulengea, zilizopachikwa kwenye mwili wa injini na kuingia katika matundu ya mdomo wa giaboksi, huulinda mstari huo baada ya viungo kukutana. Haziutengenezi. Fundi anayesahau kuzirudisha pini hizo, au anayezitupa kwa kuwa zimeshika kutu, hataona tofauti siku ya kwanza. Ataiona klachi inapoanza kutetemeka, na beringi inapolia kabla ya wakati wake.

Kuna mwelekeo ambao mwanagenzi huupuuza. Katika gari la namna hii injini na giaboksi hazikulala sawasawa na ardhi, bali zimeinama kidogo kuelekea nyuma. Injini ikitoka, giaboksi hubaki imeshikwa na raba yake ya nyuma tu, na mdomo wake wa mbele huelekea chini kwa uzito. Giaboksi ambayo haikuegemezwa kwa jeki yenye kipande cha ubao juu yake imeshapoteza mwelekeo hata kabla injini haijanyanyuliwa. Jeki hiyo huwekwa siku ya kutoa injini, na haitolewi mpaka siku ya kurudisha, hata kama ni mwezi mzima. Jeki za kuazima ndizo huleta tatizo hapa: mwenyewe huja kuichukua, gari likabaki limeegemezwa kwa tofali.

4.0 Klachi kabla ya cheni

Maandalizi huamua zaidi ya nusu ya kazi, na mengi hayaonekani kuwa ni kazi. Nyuso mbili zitakazokutana husafishwa hadi chuma kitupu. Punje moja ya mchanga wa Mkondoa iliyoganda kwenye mdomo wa giaboksi inatosha kuunyima uso wa injini kukaa. Sili ya nyuma ya krenki hukaguliwa na, kwa kuwa bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kazi ya kuitoa injini tena, hubadilishwa hata kama inaonekana nzima. Beringi ya kusukumia klachi huzungushwa kwa kidole na kusikilizwa. Grisi hupakwa kwenye meno ya shafti kidogo sana, kiasi cha kung'arisha tu, kwani ikizidi hurushwa na mzunguko hadi kwenye vitambaa vya klachi, na gari likaanza kuteleza mlimani.

Hatua inayobeba uzito mkubwa ni kulenga klachi pleti. Presha pleti inapokazwa, klachi pleti hubanwa pale ilipo. Kama iko chini ya katikati kwa upana wa ukucha, itabaki hapo, na shafti ya giaboksi itaikuta imeziba njia. Pleti hulengwa kwa fimbo maalumu inayoingia kwenye kitovu chake na kwenye beringi ya krenki kwa pamoja. Fimbo hiyo inaweza kuwa kipande cha shafti ya giaboksi iliyokufa, na hakuna kifaa bora kuliko hicho kwa sababu meno yake ni yale yale. Penye uhaba, kijiti kilichochongwa na kuviringishwa utepe hadi kilingane na tundu hufanya kazi. Jicho peke yake halitoshi, ingawa wapo mafundi wenye majivuno ya jicho. Bolti za presha pleti hukazwa kwa kuvukana, kila moja robo mzunguko, ili springi ibane pande zote kwa pamoja. Fimbo ikitoka na kuingia bila kukwama baada ya bolti zote kukazwa, klachi imelengwa.

Pleti ina pande mbili zisizofanana. Upande wenye kitovu kirefu kwa kawaida hutazama giaboksi, na mara nyingi maandishi kwenye chuma yenyewe hutaja upande wa flaiwili. Pleti iliyogeuzwa huweza kufungwa bila kelele yoyote, na kosa likajulikana tu pale kanyagio linapokataa kutenganisha gia.

5.0 Kuingiza, na lugha ya kuingizia

Injini huning'inizwa kwa minyororo miwili yenye urefu usiolingana, ule wa mbele ukiwa mfupi, ili mkia wake uiname kama giaboksi ilivyoinama. Inaposhuka mbele ya ukuta wa kabini, hutangulia kushushwa hadi kimo cha shafti, kisha husogezwa nyuma. Haishushwi juu ya raba zake mapema. Huelea kidogo juu yake, na giaboksi nayo hunyanyuliwa kwa jeki kiasi hicho hicho, mpaka vitakapoungana.

Mafundi stadi hutumia bolti mbili ndefu zilizokatwa vichwa, wakazipachika kwenye matundu mawili ya juu ya injini. Hizo huingia kwenye matundu ya mdomo wa giaboksi kabla ya shafti kuifikia klachi, na huzuia injini kuyumba kushoto na kulia. Ni kifaa cha bei ya bolti mbili, na pengine hakuna kitu kingine katika kazi hii chenye faida kubwa kwa gharama ndogo namna hiyo.

Kazi huhitaji watu watatu: mmoja kwenye cheni, mmoja mbele ya injini akiisukuma, na mmoja chini au ubavuni mwa gari akitazama nafasi kati ya injini na giaboksi. Wa tatu ndiye anayeona. Kwa hiyo ndiye anayeamuru, hata akiwa mdogo kuliko wote. Kijana aliyemwamkia mzee wake kwa shikamoo asubuhi hiyo atamwambia saa nne "shusha", "simama", "rudisha", bila kutanguliza neno la adabu, na mzee hataona amekosewa heshima. Heshima hurudi injini ikishakaa. Hili si jambo dogo katika jamii ambayo mdogo hamwamuru mkubwa. Gereji ambayo mzee hukataa kuamriwa na aonaye huwa na vidole vilivyopondeka.

Maneno ya mwelekeo nayo yana mtego wake. Kwa aliyesimama mbele ya gari akiitazama injini, kuisogeza "mbele" ni kuisukuma kuelekea giaboksi, yaani nyuma ya gari. Kwa aliye chini ya gari, miguu yake ikiwa upande wa nyuma, mambo hugeuka. Amri ya "peleka mbele" inaweza basi kutiiwa kwa namna mbili zinazopingana, na kila mtii akawa sahihi. Njia ya kuuepa mtego huo ni kuacha mbele na nyuma, na kutumia "lete kwangu" na "peleka kwako", huku kushoto na kulia kukiwa "upande wa dereva" na "upande wa abiria", ambavyo havibadiliki kwa kulala wala kusimama. Mfumo huo hupima mahali kwa kutumia watu na gari lenyewe. Mtafiti wa semantiki ya mahali katika Kiswahili anaweza kupata humo data nyingi kuliko katika sentensi za kubuni.

Uundaji wa istilahi umepita mbali kidogo na uwanja huu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na jitihada za istilahi tangu wakati huo zimejali zaidi swali la kitu kinaitwaje. Ni swali halali. Hata hivyo, fundi wa Kilosa tayari anayo majina ya vitu, mengi yakiwa ya mkopo: injini, klachi, giaboksi, beringi, sili. Hayamkwamishi. Maarifa yake yamekaa katika vitenzi, na karibu vyote ni vya Kibantu: kulenga, kuegemeza, kusogeza, kuoanisha, kukalisha, kukaza. Kamusi ya ufundi yenye majina mia na bila hata kitenzi kimoja kilichofafanuliwa itampa mwanagenzi orodha ya vipuri. Haitamfundisha kazi.

6.0 Nafasi ya kidole

Mara nyingi injini huingia vizuri hadi ibaki nafasi ya upana wa kidole kati yake na mdomo wa giaboksi, kisha hukataa. Hapo ndipo kazi hii hufaulu au huharibika.

Kishawishi kinajulikana. Bolti zimeshafika kwenye matundu yake, watu wamechoka, jua limepanda, na spana iko mkononi. Kukaza bolti mbili za juu na mbili za chini kutaivuta injini, na nafasi itafungwa. Itafungwa kweli. Ila kitakachokuwa kimetokea ndani hakionekani: ncha ya shafti imesukuma beringi ndogo pembeni, au kitovu cha klachi pleti kimepinda, au sikio la mdomo wa giaboksi, ambao mara nyingi ni wa alumini, limepata ufa. Nguvu ya bolti haichagui. Huvuta chuma kuelekea chuma, kilicho katikati kikiwa kimelengwa au hakikulengwa.

Nafasi hiyo inapobaki, inafaa isomwe kabla ya kuguswa. Hupimwa juu, chini na pande mbili, kwa bapa la chuma au hata kipande cha mbao. Ikiwa ni pana juu na nyembamba chini, pua ya injini imeinama mno, au mdomo wa giaboksi umenyanyuliwa kupita kiasi. Dawa ni kuvuta mnyororo wa mbele au kushusha jeki. Ikiwa ni pana chini, dawa ni kinyume chake. Ikiwa upande wa dereva ni mpana kuliko wa abiria, mkia wa injini umekwenda pembeni, nao husukumwa kwa mkono, kwani injini inayoning'inia huitika hata kwa msukumo mdogo.

Ikiwa nafasi inalingana pande zote na bado injini haiingii, basi mwelekeo ni sahihi na kinachogoma ni meno. Meno ya shafti yamekutana na meno ya klachi pleti ncha kwa ncha. Giaboksi huwekwa kwenye gia, transfa ikiwa haiko huru na magurudumu yakiwa yamekaa chini, ili shafti isizunguke. Kisha krenki huzungushwa polepole kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, huku msukumaji akiendelea kuisukuma injini kwa mwili wake. Klachi pleti, ikiwa imebanwa kwenye flaiwili, huzunguka pamoja na krenki hadi meno yaoane. Injini basi huingia kwa mara moja, na mlio wake ni mzito na mfupi, wa chuma kutua juu ya chuma. Mara nyingi mafundi wote watatu huusikia kwa pamoja, na hakuna haja ya mtu kuuliza.

Hali hiyo, nyuso mbili zikiwa zimegusana pande zote bila bolti hata moja kukazwa, ndiyo inayoelezwa kwa kitenzi kukaa: injini imekaa. Kitenzi hiki hutumika kwa mtu, kwa nguo iliyomfaa mvaaji, na kwa jambo lililotulia. Katika gereji kina masharti makali zaidi. Kilichosukumwa na kushikiliwa hakijakaa. Kilichovutwa na bolti nacho hakijakaa. Kukaza huja baadaye, na kazi yake ni kukizuia kilichokaa kisiondoke. Mwanagenzi aliyeuelewa mpangilio wa vitenzi hivyo viwili ameielewa kazi nzima, hata kama hajui bado jina la kila kipuri.

Mambo mawili hayana mjadala. Kidole hakiingizwi katika nafasi hiyo kwa sababu yoyote, wala kwa kupima. Na injini haiachwi ikining'inia juu ya shafti ya giaboksi watu wakaenda kula. Uzito wa injini ya dizeli ya silinda 6 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, kama ile ya Land Cruiser iitwayo 1HZ, ukiegemea kwenye kitovu cha klachi pleti kwa nusu saa unatosha kukipinda. Ama iingie yote, ama irudishwe nje.

7.0 Giaboksi za otomatiki

Magari ya otomatiki yanaongezeka, nayo yana kosa lao la pekee. Badala ya klachi kuna chombo kinene cha mviringo kinachojaa mafuta, tokikonveta, ambacho hubaki upande wa giaboksi. Chombo hicho lazima kizame hadi mwisho ndani ya giaboksi kabla injini haijasogezwa. Huzama kwa hatua, kikizungushwa kwa mikono, na kila hatua husikika mkononi. Kikibakiza hatua moja, injini itakutana nacho mapema, na bolti zikikazwa zitakisukuma kivunje pampu ya mafuta ya giaboksi. Kipimo ni umbali kutoka ukingo wa mdomo wa giaboksi hadi kwenye masikio ya tokikonveta, kama kitabu cha gari husika kinavyoagiza. Kipande cha bapa hufungwa mbele yake ili kisiteleze nje wakati wa kusubiri. Injini ikishakaa, tokikonveta lazima izunguke kwa mkono na kuwa na mchezo mdogo wa mbele na nyuma. Ikiwa imekwama, injini hurudishwa nje bila kujadiliana.

8.0 Tathmini ya stadi na kuwasha

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Mikumi, na huendesha pia utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya mafunzo rasmi. Kwa fundi aliyejifunza chini ya mwembe, utaratibu huo ni njia ya kupata cheti. Tathmini ya kazi hii inaweza kupima matokeo, yaani injini imefungwa na gari limewaka. Kwa maelezo yaliyotangulia, kipimo hicho hakitoshi, maana injini iliyovutwa kwa bolti nayo huwaka. Kinachofaa kutazamwa ni ule muda wa nafasi ya kidole: je, mtahiniwa alipima au alikamata spana? Swali hilo linaweza kuulizwa kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili bila istilahi mpya hata moja.

Bolti zikishakazwa kwa kuvukana, injini hushushwa pamoja na giaboksi juu ya raba zake, na jeki hutolewa mwisho. Stata, mabomba, nyaya na rejeta hurudi kwa mpangilio uliokariririwa siku ya kutoa. Kabla ya kuwasha, kanyagio la klachi hukanyagwa na gia zote kujaribiwa injini ikiwa imezimwa. Baada ya kuwasha, jaribio linaloeleza zaidi ni la rivasi, ambayo katika giaboksi nyingi haina kifaa cha kulainisha uingiaji. Klachi hukanyagwa, huhesabiwa sekunde chache, kisha rivasi huingizwa. Ikiingia kimya, klachi inatenganisha. Ikisaga, kitu ndani kimepinda au pleti imegeuzwa, na ni afadhali kujua hilo gereji kuliko katikati ya hifadhi usiku, ambako fundi hawezi kulala chini ya gari akiwa na utulivu.

Safari ya kwanza huwa fupi, yenye mlima mmoja na tope kidogo kama vipo, kisha gari hurudi na bolti hukaguliwa. Asubuhi inayofuata fundi hutazama ardhi chini ya mdomo wa giaboksi. Tone likiwapo huguswa na kunuswa: oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali kama ya kiberiti, ya injini ni nyepesi zaidi. Ya kwanza humtuhumu sili wa shafti ya giaboksi, ya pili sili wa krenki. Kwa lolote kati ya hayo mawili, rejeta hufunguliwa tena na cheni hutundikwa upya.